Akiba ya Shemeji na Akiba ya Mataifa Mawili

Kikundi chetu cha kuweka na kukopa hukutana kila Jumapili alasiri hapa Mwanga, mjini Kigoma, nyuma ya duka la mbao la mwenyekiti wetu, na huu ni mwaka wa nne nikiwa katibu. Sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo hukaa kwa watu watatu tofauti, hivyo hakuna anayeweza kulifungua peke yake hata akipatwa na shida usiku wa manane. Mwanachama anayenunua hisa nyingi kuliko wote ni shemeji yangu, mke wa binamu yangu, aliyezaliwa Nyanza-Lac upande wa Burundi akaolewa Ujiji zaidi ya miaka kumi iliyopita. Anauza mawese na dagaa, na sijawahi kumwona akikosa kununua hisa, hata katika zile wiki ambazo soko limelala. Jumapili moja, nilipokuwa nafunga daftari, aliniuliza swali ambalo nililichukulia kirahisi: “Mwalimu, nimesikia redioni kwamba Tanzania ina akiba kubwa ya taifa na Burundi haina kitu. Mbona mimi Mrundi ndiye ninayeweka kuliko ninyi nyote hapa?”

Nilimjibu kwa haraka ya mtu anayetaka kwenda nyumbani. “Shemeji, hizo ni hesabu za mabenki,” nikamwambia, na jibu hilo halikuwa sahihi. Nimeandika makala hii kwa sababu nilirudi nyumbani likinisumbua, nikafungua vitabu vyangu vya zamani, nikaona kwamba ninafundisha uchumi kidato cha tano bila kuwa nimelitafakari jambo hili kama inavyostahili.

Akiba ghafi ya taifa haipatikani kwa kujumlisha amana zilizomo benki. Watakwimu huchukua kipato chote walichokipata wakazi wa nchi kwa mwaka mmoja, wakijumuisha mishahara, faida na fedha za kutumiwa zilizotoka nje na kuondoa zile zilizokwenda nje, kisha hutoa kile ambacho kaya na serikali zimekitumia kwa matumizi ya mwisho, yaani chakula, mavazi, kodi ya pango, mishahara ya walimu, dawa za zahanati na mengine ya aina hiyo. Kinachosalia ndicho akiba. Neno “ghafi” linaongezwa kwa sababu uchakavu wa mitambo, barabara na majengo haujaondolewa. Hakuna karani anayepita nyumba kwa nyumba akiihesabu akiba hiyo. Ni salio linalopatikana baada ya vitu vingine vyote kuhesabiwa, na kwa hiyo kila kosa lililofanyika katika kuvihesabu vitu hivyo hujikusanya ndani yake. Nitalirudia jambo hili nitakapofika mpakani.

Ukiielewa akiba kwa namna hiyo, mambo mengi tunayoyafanya katika vikundi vyetu hubadilika sura. Shemeji akinunua hisa za shilingi elfu ishirini, na mwanachama mwingine akakopa elfu ishirini hizo hizo kuchangia harusi ya mwanawe, taifa halikuweka chochote, kwa sababu mmoja amejinyima ili mwingine atumie. Fedha hiyo ikikopwa kununulia injini ya mtumbwi, hapo akiba ipo. Mzee anayefyatua tofali zake kidogo kidogo kule Gungu kwa miaka mitano, akapandisha msingi mwaka huu na ukuta mwaka ujao, ni mweka akiba kamili katika hesabu za taifa ingawa hajawahi kuingia benki. Hata noti zilizofichwa chini ya godoro zimo katika hesabu, kwa kuwa kinachopimwa ni kipato kisichotumiwa, popote kilipolazwa. Mimi mwenyewe nimekuwa nikiwaambia wanafunzi wangu kwa miaka mingi kwamba Watanzania hawaweki akiba kwa kuwa wengi hawana akaunti, nawaomba radhi.

Sasa tuziweke nchi mbili pamoja. Kwa Tanzania, katika muongo uliopita akiba ghafi imekuwa ikizidi robo ya pato la nchi, kiwango ambacho si kibaya hata kidogo kwa nchi ambayo Benki ya Dunia iliiingiza katika kundi la uchumi wa kipato cha kati cha chini mwezi Julai 2020. Kwa Burundi picha ni nyingine kabisa, na hapa ndipo inapobidi kutofautisha vitu viwili ambavyo wengi huvichanganya: akiba ya ndani na akiba ya taifa. Akiba ya ndani hutokana na kile tu kilichozalishwa ndani ya mipaka ya nchi baada ya kutoa matumizi. Katika miaka mingi akiba hiyo ya Burundi imekuwa hasi, maana yake kaya na serikali kwa pamoja zimetumia zaidi ya kile ambacho nchi imezalisha.

Mtu anaweza kuuliza inawezekanaje kutumia kuliko unachozalisha, tena mwaka baada ya mwaka. Tuchukue nchi ya kubuni inayozalisha mia moja. Kaya zinatumia themanini na tano, serikali inatumia ishirini, jumla mia moja na tano, hivyo akiba ya ndani ni hasi tano. Lakini ndugu walioko nje wanatuma tano, na wafadhili wanatoa kumi za kusaidia bajeti na huduma za kila siku. Kipato cha wakazi sasa ni mia moja na kumi na tano, matumizi ni yale yale, na akiba ya taifa imekuwa kumi. Nchi ile ile, mwaka ule ule, ina akiba hasi kwa kipimo kimoja na akiba chanya kwa kipimo kingine. Tarakimu hizo ni zangu za darasani, ila umbo lake ndilo umbo la Burundi. Kwa Tanzania tofauti kati ya vipimo hivyo viwili ni ndogo, na mara nyingi huelekea upande wa pili, kwa sababu faida za wawekezaji wa nje na riba za mikopo zinazotoka huzidi fedha tunazotumiwa.

Nchi ambayo akiba yake inategemea mkono wa nje hupata shida mkono huo unapofungwa. Baada ya mgogoro wa kisiasa wa mwaka 2015, Umoja wa Ulaya ulisitisha msaada wa moja kwa moja kwa serikali ya Burundi mwezi Machi 2016, na uamuzi huo haukuondolewa mpaka Februari 2022. Katika ule mfano wangu, ni sawa na kuondoa sehemu kubwa ya zile kumi za wafadhili kwa siku moja. Watu hawawezi kupunguza chakula kwa kasi hiyo, kwa hiyo kinachokatwa ni salio. Akiba ikipungua, uwekezaji hupungua nao, au nchi hukopa. Na fedha za kigeni zikiwa haba, hata wa kuikopesha huonekana kwa shida. Foleni za mafuta za Bujumbura, ambazo wasafiri wanaoshuka hapa wametusimulia mno katika miaka ya karibuni, nazo zina mzizi wake katika uhaba huo wa fedha za kigeni.

Hata hivyo sikubaliani na wale wanaomaliza habari kwa kusema kwamba Burundi huishi kwa misaada. Salio hutegemea kwanza ukubwa wa kile kinachogawanywa. Burundi ina eneo la kilomita za mraba zisizofika 28,000, likiwa dogo kuliko mkoa wetu wa Kigoma ukiuhesabu pamoja na maji yake, na humo wamo zaidi ya watu milioni kumi na mbili, wakati sensa yetu ya mwaka 2022 ilihesabu watu 2,470,967 katika mkoa mzima wa Kigoma. Familia nyingi huko hulima kishamba kisichofika hekta moja, na sehemu kubwa ya wanachovuna huishia chunguni. Pato la mtu mmoja ni miongoni mwa ya chini kabisa duniani. Mtu anayepata mia na kuhitaji tisini na tisa ili ale hawezi kulinganishwa kwa uchoyo au ubadhirifu na mtu anayepata mia tano. Kama shemeji alivyonikatiza nilipokuwa nikimweleza haya, tumbo haliahirishwi.

Juu ya hayo kuna historia. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza mwaka 1993 vilidumu zaidi ya muongo mmoja, na katikati yake, baada ya mapinduzi ya Julai 1996, nchi jirani, ikiwemo yetu, ziliiwekea Burundi vikwazo vya kiuchumi vilivyosimamishwa Januari 1999. Wazee wa bandarini hapa bado wanaikumbuka miaka hiyo. Mkataba wa Arusha ulitiwa saini Agosti 2000, mazungumzo yakiwa yameanza chini ya usuluhishi wa Mwalimu Nyerere na kuendelezwa na Nelson Mandela baada ya kifo chake. Kisha ikaja 2015. Mwezi Mei mwaka huo nilisimama bandarini nikitazama meli ya MV Liemba, ile ile ambayo Wajerumani waliiunda upya papa hapa na kuishusha majini mwaka 1915, ikirudi safari baada ya safari kutoka Kagunga, kijiji cha ziwani kilicho mpakani, ikiwa imejaa wakimbizi. Mwanamume mmoja alibeba mlango wa nyumba yake mgongoni, mbao ngumu yenye bawaba zake, na sikuuliza kwa nini.

Mlango ule umenifundisha kitu ambacho kitabu hakikunifundisha. Akiba ya mwaka ni mtiririko, ilhali mali ni rundo. Mtu aliyeacha nyumba, mibuni na mbuzi wake amepoteza rundo lililojengwa kwa akiba ya miaka ishirini, lakini katika hesabu za taifa hasara hiyo haionekani kama akiba hasi ya mwaka 2015. Huandikwa kando, katika mabadiliko mengine ya mali ambayo wasomaji wa takwimu hawayafungui kamwe. Kwa hiyo ukiutazama mstari wa akiba ya Burundi katika grafu na kuona umeshuka kidogo tu mahali ulipotarajia korongo, usidhani watu hawakupoteza.

Upande wetu nao unahitaji kutazamwa bila kujisifu. Matumizi ya kaya huchukua zaidi ya nusu ya pato la Tanzania, na matumizi ya kawaida ya serikali ni sehemu ndogo ikilinganishwa, kwa hiyo salio ni kubwa. Lakini salio hilo halikuwekwa na wakulima wa Kasulu na wavuvi wa Katonga peke yao. Akiba ya taifa ina wawekaji watatu, yaani kaya, kampuni na serikali, na faida ambazo kampuni hazikuzigawa pamoja na mapato ya serikali yaliyobaki baada ya matumizi ya kawaida vinahesabika kama akiba sawasawa na hisa za shemeji. Bwawa la Julius Nyerere kule Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilijengwa kwa fedha za serikali yenyewe. Hiyo ni akiba iliyogeuka zege. Mtanzania aliyelipa kodi katika kila lita ya petroli aliweka akiba bila kuulizwa.

Vilevile dhahabu. Dhahabu ndiyo bidhaa yetu inayoongoza kwa mauzo ya nje, na kila inapochimbwa Geita au Nyamongo huingia katika hesabu kama kipato, bila mtu kuandika kwamba ardhini imepungua. Akiba ghafi haijui kutofautisha anayeuza mavuno na anayeuza shamba. Benki ya Dunia ina kipimo kingine kinachojaribu kurekebisha kasoro hiyo kwa kuondoa uchakavu, madini yaliyochimbwa na misitu iliyokatwa kupita kasi ya kuota, na kuongeza matumizi ya elimu kama uwekezaji. Nakipenda zaidi kipimo hicho, si kwa sababu tu mimi ni mwalimu, na kila mara kinapotumika nchi zinazojiona tajiri kwa madini hupungua kimo.

Pamoja na akiba hiyo yote, Tanzania huwekeza zaidi ya inavyoweka. Pengo kati ya uwekezaji na akiba ndilo hilo hilo linalotajwa katika hotuba za bajeti kama nakisi ya urari wa malipo ya kawaida, na huzibwa kwa mikopo na mitaji ya nje. Reli ya kisasa kutoka Tabora hadi Kigoma, kilomita 506, ambayo mkataba wake ulisainiwa Desemba 2022, ni mfano ulio karibu nasi. Mfano mzuri zaidi kwa mada hii ni tawi la kutoka Uvinza hadi Musongati ndani ya Burundi, kwa sababu katika fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika za mradi huo, fungu la Tanzania limekuja hasa kama mikopo na dhamana, ilhali fungu la Burundi limekuja kama ruzuku. Reli ni moja na treni itakuwa moja, lakini upande mmoja utalipa na mwingine umepewa. Tena ruzuku ya kujengea reli haiongezi akiba ya taifa ya Burundi hata kidogo, kwa kuwa kanuni huihesabu kama uhamisho wa mtaji. Ni misaada ya matumizi ya kila siku tu inayoingia katika kipato. Hili lilinishangaza, na bado naliona ni jambo la wahasibu kuliko la watu.

Sasa nirudi mpakani. Ukisimama asubuhi Manyovu, wilayani Buhigwe, utaona baiskeli zinazopanda kilima zikiwa na magunia ya unga na madumu ya mafuta, na ukishuka Kibirizi utaona mitumbwi inayopakia bidhaa za Nyanza-Lac na Rumonge. Waha na Warundi wanasikilizana lugha, wameoana, na mizigo yao mingi haipiti katika karatasi yoyote. Mtakwimu wa Dodoma anajua kwa makadirio mahindi yaliyovunwa Kigoma, lakini gunia lililovuka kwa baiskeli halimo katika mauzo ya nje, hivyo atahitimisha kwamba tumelila sisi. Matumizi yetu yanaonekana makubwa kuliko yalivyo, na akiba yetu ndogo kuliko ilivyo. Mwenzake wa Burundi ana kosa lililogeuzwa: watu wamekula unga ambao hakuuona ukiingia, kwa hiyo matumizi yao yanaonekana madogo na akiba yao kubwa kuliko ukweli. Iwapo biashara hii ya baiskeli ni kubwa kama macho yangu yanavyoniambia, basi pengo halisi kati ya akiba za nchi hizi mbili ni pana kuliko linavyochapishwa. Kahawa na dhahabu zinazotoka kimyakimya huweza kuvuta upande mwingine, kwa kuwa ni mauzo ya Burundi yasiyoandikwa, lakini hizo sizioni Kibirizi.

Faranga nayo huongeza ukungu. Mwezi Mei 2023 Benki Kuu ya Burundi ilishusha thamani ya faranga, bei rasmi ya dola ikapanda kwa takriban asilimia 38, kutoka kama faranga 2,000 kwa dola hadi zaidi ya 2,800, na hata baada ya hapo bei ya mitaani iliendelea kuwa juu ya bei rasmi. Aliye ng'ambo na akili zake timamu hatumi dola kwa njia rasmi ili mama yake apokee faranga chache, humpa msafiri. Fedha hiyo inafika, inaliwa au inajengewa, lakini kwenye vitabu haikupita.

Kuna tukio moja lililonionyesha kwamba nchi hizi mbili hukutana katika salio hata pasipo takwimu. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, uvuvi katika Ziwa Tanganyika upande wetu ulifungwa ili samaki wazaliane, kufuatana na makubaliano ya nchi zinazolizunguka ziwa. Miezi mitatu bila dagaa wala migebuka. Wavuvi wetu wamezoea kupumzika mbalamwezi inapokuwa kubwa, kwa kuwa taa zao hazina nguvu mbele yake, kwa hiyo kila mmoja ana akiba ya wiki moja. Hakuna aliyekuwa na ya wiki kumi na tatu. Katika kikundi chetu hisa zilishuka mpaka tukafikiri kuahirisha mikutano. Wenye injini mbili waliuza moja. Shemeji alihamia mawese na akaendelea kununua hisa, chache kuliko kawaida, akininong'oneza niziandike kwa mwandiko mdogo ili wengine wasijisikie vibaya.

Kwa hiyo jibu lake nilimpa mwezi mzima baadaye, tulipokuwa tukigawana mwishoni mwa mzunguko. Nilimweleza kwamba kanuni haiangalii kabila wala pasipoti, inaangalia makazi: yeye anaishi Ujiji, basi kila hisa aliyonunua imehesabiwa katika akiba ya Tanzania. Fedha anazompelekea mama yake zinapunguza kipato chetu na kuongeza cha Burundi. Mama akinunulia maharage, akiba ya Burundi haijaongezeka, na akiezekea nyumba, imeongezeka.

“Kwa hiyo nikipeleka mabati?” aliuliza.

“Ukipeleka mabati, shemeji, hapo unawasaidia kwelikweli katika zile asilimia zao,” nilimwambia, “mradi forodha wayaandike.”

Alicheka sana. Siku iliyofuata nilimsindikiza Kibirizi na mabati yake thelathini aliyonunua kwa mgao wake, yakafungwa kwa kamba katikati ya mtumbwi, juu ya magunia ya unga, na turubai ikatandazwa juu yake. Hakuna aliyekuja na kalamu. Mtumbwi uliondoka saa kumi na moja jioni, mama mmoja amekaa juu ya mabati yale akimnyonyesha mtoto.